Nimechora kontroli (kidude cha kuchagulia kwenye skrini) ya saa za Kiswahili: saa 1 inageuka saa 7, halafu inaota X nyekundu. Nimekosea wapi?

#1 MgosiWaKange

Wakuu salama?

Kuna ofisi ya tiketi za basi pale stendi ya Kange, Tanga, jina la kampuni tuliache. Niliwaandikia programu ya kukatia tiketi kwa C# na Windows Forms (lugha na zana za kuundia programu za Windows), laptopu mbili na printa ndogo ya karatasi ya milimita 58. Kilichowasumbua ni kile kiboksi cha saa kinachokuja tayari, DateTimePicker. Abiria anataka basi la saa 1 asubuhi, kiboksi kinataka 07:00. Dada wa dirishani anahesabu kwa vidole huku foleni inamtolea macho.

Nikasema nitachora yangu. Nimerithi darasa la Control (msingi wa vidude vyote), nikaandika mwenyewe OnPaint, ile sehemu inayochora. Uso wa duara, namba za Kiswahili: pale penye 7 ya saa ya ukutani nimeweka 1, pale penye 12 nimeweka 6. Unabofya namba, kisha chini kuna vitufe vinne vya duara vya kuchagua kimoja: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Na mshale wa sekunde unatembea. Nyumbani Chumbageni ilikuwa raha tupu.

Sasa ina wiki 2 kazini. Tiketi tatu za saa 1 asubuhi zimetoka zimeandikwa "Saa 7:00". Mzee mmoja wa Makorora kaja saa 7 mchana na tenga la kuku, basi lake linakaribia kuingia Dar. Niliyoambiwa siku hiyo siyaandiki hapa. Halafu kila siku kabla ya saa 3 asubuhi uso wa saa unafutika, unabaki mraba mweupe wenye X nyekundu kona hadi kona, mpaka ufunge programu yote na kuifungua upya. Na muda wote inapepesa kama kibatari dirishani.

Nani kashakutana na haya? Msiniambie nihamie kwenye wavuti, intaneti ya pale naijua mwenyewe.

#2 Kashata

Nimekaa siti ya dirishani. Saa 7.

#3 ZeeLaVB

Kupepesa ndio kwepesi, tuanze nako. Windows ikitaka kidude chako kichorwe inafanya mambo mawili: inapaka rangi ya chini eneo zima, ndipo inakuita OnPaint. Jicho linanasa ule weupe wa katikati. Weka DoubleBuffered = true ndani ya konstrakta (msimbo unaokiunda kidude). Hapo kila kitu kinachorwa kwanza kwenye picha iliyoko memori, kisha kinamwagwa kwenye skrini kwa mkupuo mmoja. Mstari mmoja tu. Tena usiite Invalidate() tupu (amri ya kuchora upya) kila sekunde, ipe mstatili wa mahali mshale unapopita, basi.

Sisi wa Visual Basic 6, mwaka 1998 huo, tulikuwa tunachukua OCX ya mtu (faili lenye kidude tayari) tunaipachika kwenye fomu. Mashine ya mteja ikikosa faili lile, programu haifunguki kabisa. Nyie mna bahati mnachora vyenu na bado mnalia.

#4 BintiRaskazone

Swali dogo kabla hatujafika mbali. Kontroli ya KUCHAGULIA saa ina mshale wa sekunde wa nini? Abiria anapanda basi kwa sekunde?

#5 MgosiWaKange

@BintiRaskazone pambo dada. Ofisi haina saa ya ukutani.

@ZeeLaVB shikamoo mzee. Nimeiweka sasa hivi, kupepesa kumekwisha. Ahsante. Bado saa 7 na X.

#6 Chuma_cha_Pongwe

X nyekundu naijua, imenilaza macho. Windows Forms ikikuita OnPaint na ndani yake kikatokea kosa usilolidaka, inachora huo mraba na X, na kuanzia hapo haikuiti tena kuchora kidude hicho. Kwa hiyo X siyo ugonjwa, ni cheti cha kifo. Sababu iko ndani ya OnPaint yako.

Ninaweka dau: unatengeneza new Pen na new Font (kalamu na fonti) kila unapochora na huziiti Dispose, yaani huziachii. Windows kwa kawaida inaipa kila programu vitu vya GDI (mfumo wa Windows wa kuchora) 10,000. Vikiisha, huchori hata nukta.

#7 Mwl_Hesabu

Chuma, kikomo umekitaja sawa, mshtakiwa siye. Pen na Font za System.Drawing ni za GDI+, mfumo mwingine wa kuchora, hazihesabiki kwenye zile 10,000. Kutozifunga ni uchafu, memori itavimba, ila hazijazi kapu lile. Vinavyojaza ni vishikio (namba za kushikia vitu) vya GDI yenyewe, mfano ukigeuza picha kwa GetHbitmap au fonti kwa ToHfont. GetHbitmap inakukabidhi kishikio na wewe ndiye wa kukiua kwa DeleteObject. Kizoa taka cha .NET hakikigusi hata ukisubiri mpaka kiyama.

Mgosi, fungua Task Manager, nenda Details, washa safu ya GDI objects, kisha kaa uitazame. Namba ikipanda moja kila sekunde, umempata mwizi.

#8 MgosiWaKange

Mwalimu!!! Inapanda moja moja kila sekunde. Nimeitazama mpaka 412 mwili ukanisisimka.

GetHbitmap ipo. Uso wa saa niliutengeneza kama picha, na msimbo wa kuupaka nilinakili mahali mwaka juzi, sikumbuki wapi.

#9 Mwl_Hesabu

Sasa piga hesabu na mimi. Kimoja kwa sekunde, kikomo 10,000. Gawa kwa 3,600, unapata saa mbili na dakika 46 na kidogo. Ofisi inafunguliwa saa ngapi?

#10 MgosiWaKange

Saa 12 kamili asubuhi. Na X inakuja saa 3 kasoro robo. Aisee.

#11 Kashata

Watu wamehesabu kifo cha saa kwa saa. Tanga hii raha.

#12 Chuma_cha_Pongwe

Nimekubali kwa Mwalimu, nilikuwa naamini hivyo miaka yote. Lakini dau langu la pili silitoi: siku zote X inakuja saa hiyo hiyo?

#13 MgosiWaKange

Siku zote isipokuwa Jumamosi. Jumamosi ilikuja dakika kumi baada ya kufungua. Nilipouliza nikaambiwa walisogeza ule mpaka wa katikati wa dirisha ili orodha ya abiria iwe pana.

#14 Chuma_cha_Pongwe

Ndiyo hiyo! Wamekibana kidude mpaka hesabu yako ya ndani imefika sifuri. Umetumia LinearGradientBrush (brashi ya rangi inayofifia) kwenye uso?

#15 MgosiWaKange

Ndiyo, dhahabu inayofifia kuelekea ukingoni. Mstatili wake ni upana kutoa 40, nimeacha pikseli 20 kila upande.

#16 Chuma_cha_Pongwe

Upana ukibaki 40, mstatili unakuwa na upana 0, na brashi hiyo haikubali upana 0, inatupa kosa papo hapo. X. Kwa hiyo una maiti mbili, mgosi, na wauaji wawili. Weka MinimumSize (ukubwa wa chini kabisa), na ndani ya OnPaint kagua upana kabla hujachora.

#17 ZeeLaVB

Au aondoe dhahabu. Saa ya stendi inafifia ukingoni ili iweje?

#18 BintiRaskazone

Turudi kwenye saa 7, kwa sababu X haijamkosesha mtu basi.

Mie nadhani hakuna kosa kwenye msimbo. Kosa liko kwenye uso. Tukae kwenye saa ya mkononi ya kawaida. Mshale mfupi uko kwenye 7. Sisi sote hapa tunasema "saa moja", hatuhesabu, jicho linaruka lenyewe upande wa pili pale penye 1. Ukiniuliza nimeona namba gani, nitasema sikuona namba. Tumezoea hivyo tangu tuko watoto.

Sasa wewe umemgeuzia namba kabla jicho lake halijageuza. Dada anataka saa 1. Mkono wake umezoea kwamba saa 1 "imeandikwa 7". Anatafuta 7, anaiona, anabofya. Kidude chako kinasema saa 7, nacho hakijakosea. Kageuza yeye, umegeuza wewe, imekuwa mara mbili.

Ukitaka kuthibitisha, chora uso wa kawaida wenye 12 juu, halafu maandishi makubwa chini yaseme "SAA 1 ASUBUHI". Wacha jicho lifanye kazi yake.

#19 UstadhMdogo

Hapo dada umenena. Hata mnara wa saa ule wa Mjerumani kule mjini kwenye bustani ya baharini umeandikwa kizungu na hakuna mtu wa Tanga aliyewahi kuusoma kizungu.

#20 Kashata

Aliyewahi kuukuta unatembea ajitokeze kwanza.

#21 Nahodha_Sahare

Nadharia ya macho tamu, lakini mimi nimeona kitu kingine. Tofauti ni saa sita. Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Tatu mara mbili ni ngapi?

Mgosi, kuna sehemu yoyote umeita ToUniversalTime, ile ya kugeuza saa ya hapa kuwa ya Greenwich?

#22 Mwl_Hesabu

Nahodha, ToUniversalTime ukiiita mara mbili mfululizo haitoi mara mbili. Ikishageuza inabandika alama kwamba tarehe hii ni Utc, mara ya pili inaipita.

#23 Nahodha_Sahare

Kweli, ikiwa haijatoka mkononi. Iweke kwenye databesi, itoe tena. Databesi inakurudishia tarehe haina alama, yaani Kind yake inasoma Unspecified, na ToUniversalTime ikikuta Unspecified inaidhania ni saa ya hapa. Inatoa tatu nyingine. Nililiona hilo kwenye programu ya mizigo ya majahazi ya Pemba, shehena ya karafuu ikawa inafika kabla haijapakiwa.

#24 MgosiWaKange

Hmm. Kukata tiketi sijaiita. Lakini ile fomu ya kuhamisha siti niliihamisha kutoka programu nyingine, na humo IMO. Yaani ukihamisha abiria siti, saa inasomwa, inapitishwa ToUniversalTime, inahifadhiwa.

#25 Nahodha_Sahare

Umekwisha. Saa 07:00, hamisha siti mara moja inakuwa 04:00, hamisha mara mbili inakuwa 01:00. Na 01:00 kwenye tiketi yako inaandikwaje?

#26 MgosiWaKange

Saa 7:00. Ya usiku. Lakini neno "usiku" halitokei, karatasi ya milimita 58 inakata mwisho wa mstari.

#27 BintiRaskazone

Sawa, lakini ya kwangu inatoa 13:00, ya Nahodha inatoa 01:00, na zote kwenye karatasi ni "Saa 7:00". Kwa hiyo usituambie tiketi imesemaje, tuambie databesi imesemaje.

#28 MgosiWaKange

Nimechungulia kutoka nyumbani kwa nakala ya juzi. Mistari mitatu. Miwili 13:00, mmoja 01:00.

#29 Kashata

Refa kaangalia saa, kaongeza dakika.

#30 Mwl_Hesabu

Kabla hamjagawana pointi, mgosi hebu weka hapa hesabu yako ya kugeuza. Wote mmeichukulia ni sahihi.

#31 MgosiWaKange

Asubuhi, mchana na jioni: (saa % 12) + 6, hiyo % ni baki ya kugawanya. Usiku: (saa + 18) % 24. Nimejaribu saa 1 asubuhi inatoa 7, saa 6 usiku inatoa 0, saa 10 usiku inatoa 4.

#32 Mwl_Hesabu

Jaribu saa 12 jioni. 12 % 12 ni 0, jumlisha 6, unapata 6. Basi la jioni umelipeleka alfajiri. Na jaribu saa 11. Pale Kange mabasi ya saa 11 alfajiri si yapo? "Alfajiri" kwenye vitufe vyako haipo. Mtu atachagua asubuhi, na 11 + 6 ni 17, basi la alfajiri limekuwa la jioni. Haya si ya saa 7, lakini yanakungoja njiani.

Saa zetu hazigawanyiki kwa nne kama ulivyozigawa. Kuna alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, na mipaka yake kila mtu na yake. Saa 10 kuna anayeita alasiri na kuna anayeita jioni. Ningekuwa mimi ningeuliza swali moja tu: jua lipo au halipo. Kukiwa na jua, saa 1 mpaka 11 jumlisha 6, na saa 12 mbili uzishughulikie peke yake.

#33 UstadhMdogo

Na tarehe je? Mtu akikwambia "usiku wa Ijumaa saa 9", bibi yangu anamaanisha Alhamisi ikishazama magharibi, kwa sababu siku inaanza magharibi. Mjukuu wake anamaanisha Ijumaa ikiisha. Ndiyo maana redioni wanasema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kontroli yako inamsikiliza nani?

#34 MgosiWaKange

Ustadh nionee huruma, hakuna basi la saa 9 usiku.

#35 UstadhMdogo

Wakati wa sikukuu lipo.

#36 Jirani_wa_Toten

Wahabeshi nao wanahesabu kama sisi, saa 1 yao ni jua likishachomoza. Kuna mtu pale Addis anahangaika na X nyekundu muda huu huu, mtafuteni mfanye harambee.

#37 SikioLangu

Niko Bagamoyo, na mimi kompyuta natumia kwa masikio. Macho yaliondoka nikiwa kidato cha pili. Natumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti.

Nimesoma uzi wote, nimecheka kwenye kuku. Ila hakuna aliyesema hili. DateTimePicker mliyoitupa, kwangu inaongea. Nikiifikia kwa Tab inaniambia ni kitu gani, kina thamani gani, na nikibonyeza mshale inanitajia namba mpya. Kidude kilichochorwa kwa mkono ni kimya. Mwenye macho anaona dhahabu na namba 12, msomaji wa skrini anaona mstatili usio na jina. Niliwahi kupewa programu ya mahudhurio kazini, mtu kachora vitufe vyote kama picha, nzuri nasikia. Nilikuwa nabonyeza Tab napita kimya, kimya, kimya, kama nyumba iliyohamwa. Ikabidi kijana wa ofisi ya pili anisainie kila asubuhi, kwa mwaka mzima.

Dawa si kubwa. Weka AccessibleName, jina la kusomwa. AccessibleRole, yaani aina ya kidude, ipo hata ya saa, inaitwa Clock. Na ukitaka thamani pia isomwe, tengeneza AccessibleObject yako (inayomjibu msomaji wa skrini) kupitia CreateAccessibilityInstance, thamani yake irudishe maneno "saa moja asubuhi". Kisha saa ikibadilika piga taarifa, AccessibilityNotifyClients, la sivyo nitasoma ya zamani.

#38 MgosiWaKange

Kaka SikioLangu, ahsante. Sikuwaza kabisa, nakiri. Nitaiweka leo leo.

#39 ZeeLaVB

Na kibodi? Mtu asiyeshika mausi anachaguaje saa kwenye uso wa duara?

#40 MgosiWaKange

Nimeandika OnKeyDown, mshale wa kulia unaongeza saa, wa kushoto unapunguza.

#41 ZeeLaVB

Umeandika. Umejaribu?

#42 MgosiWaKange

...

#43 ZeeLaVB

Nilijua. Mishale minne ya kibodi kwenye Windows Forms haiji kwako, fomu inaila njiani, inaitumia kuhamia kidude jirani. Mpaka uandike IsInputKey ujibu kweli kwa mishale. Na uite Focus() mtu akikibofya, maana kidude cha kuchora hakikumbuki chenyewe kwamba kimeguswa.

#44 DadaWaDirishani

Hamjambo. Mdogo wangu kanionesha huu uzi. Mimi ndiye dada mnayemjadili macho yake.

Kwanza, mausi ya laptopu ile ni ya kidole na kidole changu kina wino, kwa hiyo mimi nabonyeza mishale. Nikibonyeza wa kulia saa haisogei, kile kiduara cha chini kinaruka. Kutoka asubuhi kinakwenda mchana, nikibonyeza tena jioni, tena usiku. Nilidhani ndivyo kilivyotengenezwa. Nikishachoka ndio nabofya namba.

Pili, huo uso. Kuna siku nabofya sawa, kuna siku nabofya saba. Sijui kwa nini, dada wa Raskazone kanieleza kuliko ninavyojieleza.

#45 Mwl_Hesabu

Subirini. Vitufe vya duara vikifikiwa kwa mshale vinajichagua vyenyewe. Kwa hiyo kama siku hiyo kabofya 7 kwa mazoea ya macho, na kiduara kimesharuka mpaka usiku, (7 + 18) % 24 ni 1. 01:00. Mstari wa tatu umepatikana bila kuhamisha siti yoyote.

#46 Nahodha_Sahare

Mwalimu unahitaji makosa mawili yakutane. Mimi nahitaji moja lirudiwe. Dada, samahani, yule mzee wa kuku alihamishwa siti?

#47 DadaWaDirishani

Mara mbili. Alikuwa mbele, abiria wakalalamikia kuku, nikampeleka katikati, wakalalamika, nikampeleka nyuma.

#48 Nahodha_Sahare

Nimefunga kesi.

#49 DadaWaDirishani

Ila mara ya pili sina hakika kama nilihamisha kwenye kompyuta au nilikata kwa kalamu tu. Kulikuwa na watu.

#50 Nahodha_Sahare

Nimefungua kesi.

#51 BintiRaskazone

Na kama kahamishwa mara moja, tiketi ingesema Saa 10:00. Kuna aliyewahi kupata Saa 10:00?

#52 DadaWaDirishani

Kuna mama aliwahi kuuliza mbona saa kumi. Nikamwambia mama hiyo printa, wewe njoo saa moja. Akaja, akasafiri.

#53 Chuma_cha_Pongwe

Hapo ndipo mfumo halisi wa tiketi wa Tanga ulipo, mdomoni kwa dada.

#54 Jirani_wa_Toten

Kuku walifika lakini?

#55 DadaWaDirishani

Walipanda basi la saa 8. Siti ya nyuma.

#56 Fonti_Kubwa

Naingia mwishoni. Laptopu ya pili pale, namba 12 ya chini haijakatika nusu? Mashine nyingi ndogo Windows inaziweka kwenye ukubwa wa 125%, yaani nukta 120 badala ya 96 kwa inchi. Ukiwa umeandika pikseli 20 kwa mkono, maandishi yanakua ila nafasi haikui.

#57 MgosiWaKange

Imekatika. Nilidhani ni kioo.

#58 Fonti_Kubwa

Zidisha kila namba yako kwa DeviceDpi (nukta kwa inchi za skrini hiyo) gawa 96. Na maandishi yapime kwa TextRenderer na uyachore kwa TextRenderer hiyo hiyo. Ukipima kwa moja ukachora kwa DrawString, njia nyingine ya kuchora maandishi, vipimo havilingani, namba zako zitakaa upande kama kofia ya mlevi.

#59 MgosiWaKange

Mrejesho, wiki moja baadaye.

Nimetoa GetHbitmap, namba ya GDI imetulia, X haijaonekana. MinimumSize nimeweka, dhahabu nimeondoa (Zee ufurahi). IsInputKey nimeandika. Vitufe vinne nimevitoa, sasa ni viwili, jua na mwezi, na saa 12 zote mbili nimezijaribu. Uso nimerudisha 12 juu, chini maandishi makubwa ya Kiswahili kama alivyosema BintiRaskazone. ToUniversalTime kwenye fomu ya siti nimeifuta. Kwenye tiketi neno la asubuhi au usiku nimelileta mbele ya namba ili lisikatwe. NVDA nimeisikiliza mwenyewe ikisema "saa moja asubuhi" kwa lafudhi ya Kiingereza, nikacheka peke yangu.

Tangu hapo hakuna saa 7 hata moja.

#60 ZeeLaVB

Umebadilisha mambo manane siku moja. Sasa utajuaje lipi lilikuwa lenyewe?

#61 MgosiWaKange

Sitajua mzee. Nilikuwa naogopa mzee wa Makorora arudi.

#62 BintiRaskazone

Ni uso. Andika mahali.

#63 Nahodha_Sahare

Ni siti. Irudishe ToUniversalTime siku moja tu uone.

#64 DadaWaDirishani

Asirudishe chochote. Isipokuwa ule mshale wa sekunde, kaka umeuondoa na ndio nilikuwa naangalizia muda wa chai.

#65 SikioLangu

Nimejaribu ile nakala uliyonitumia. Inasoma vizuri. Ila ukibonyeza mshale haraka haraka inaniambia saa iliyopita, siyo iliyopo. Unapiga taarifa kabla hujabadilisha thamani. Geuza mistari hiyo miwili.

#66 MgosiWaKange

Nageuza sasa hivi kaka. Mshale wa sekunde nao nitaurudisha.

Halafu wakuu, nisaidieni. Nimepigiwa simu muda huu, tiketi moja imetoka "Jioni saa 10:00". Mbona fomu ya siti nimeshaisafisha?

#67 DadaWaDirishani

Hiyo ni ya saa 10 kweli. Basi la Lushoto.